Gari la fo wili linapogoma njiani: dalili na chanzo, kutoka Londorossi hadi Natron

Dereva akipiga simu kutoka porini na kusema gari limechemsha, fundi mzoefu wa Arusha haanzi na habari za rejeta. Anauliza kwanza: "Umetokea wapi?" Jibu hilo linampa nusu ya kazi. Gari lililochemsha baada ya kukata nyasi ndefu za Simanjiro lina shida tofauti na lililochemsha kwenye mpando wa Ngorongoro, na hayo mawili hayafanani na lililochemsha saa nane mchana kwenye mchanga wa Engaresero huku upepo ukilisukuma kutoka nyuma. Dalili ni ileile. Chanzo kimelala kwenye ardhi uliyotoka kuipita.

Kwa hiyo hapa chini kila dalili imefungwa na aina ya njia. Mifano mingi ni ya Land Cruiser za 70 zenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, kwa sababu ndizo zilizojaa kwenye njia zetu na ndizo ambazo spea zake hazikosekani mjini. Mwenye Defender, Prado au Hilux atabadilisha majina ya vipuri, mantiki itabaki palepale.

Mshale wa joto umepanda

Mshale ukivuka katikati, usikimbilie kuzima injini. Zima AC, fungua hita ya ndani hadi mwisho ili ivute joto kutoka kwenye maji ya injini, geuza pua ya gari iangalie upepo unakotoka, weka gia huru na uache injini izunguke kwenye 1,200 hivi kwa dakika tano. Ukizima ghafla injini yenye joto kali, maji yanasimama humo ndani na silinda hedi ndiyo inayoumia. Utazima papo hapo kwa sababu mbili tu: maji yanamwagika, au mshale umegusa nyekundu na haurudi. Mfuniko wa rejeta usiguswe kabla ya nusu saa kupita.

Kama umetoka kwenye nyasi, piga magoti mbele ya gari na umulike tochi kati ya kondensa ya AC na rejeta. Mbegu za nyasi hupenya grili na kujazana katikati ya hivyo viwili, mahali ambapo ukitazama kwa mbele huoni kitu. Zipulize au zioshe kutoka upande wa injini kwenda nje. Ukipiga maji kutoka mbele unazishindilia. Kipande cha wavu wa dirisha kilichofungwa mbele ya grili kwa mpira wa tyubu kinamaliza shida hii, ila kiondoe ukishatoka nyasini maana nacho kinazuia hewa. Ukiwa bado chini hapohapo, angalia nyasi kavu zilizojikusanya juu ya bomba la ekzosti na pembeni mwa transfa, ile giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma. Kiangazi kikikolea, kati ya Julai na Oktoba, gari linaweza kuungua lote kwa nyasi hizo, na moto huanza baada ya kusimama, hewa ya mwendo inapokoma na bomba bado li moto.

Kama umetoka kwenye mchanga au kwenye mpando mrefu wa polepole, shuku feni. Feni ya 1HZ ina klachi yenye mafuta ya silikoni ambayo hutakiwa kukaza kadiri joto linavyopanda. Injini ikiwa moto na imezimwa, isukume feni kwa mkono: ikiendelea kuzunguka yenyewe bila ukinzani, klachi imekwisha. Kabla ya kuilaumu lakini, jiulize ulikuwa gia gani. Injini inayozunguka 2,500 kwenye gia ya pili ya L4 (fo wili ya mwendo mdogo) inaendesha feni na pampu ya maji kwa kasi nzuri na mzigo ni mwepesi. Injini hiyohiyo ikikokotwa kwa 1,400 kwenye gia ya tatu ya H4 (fo wili ya mwendo mkubwa) inabeba mzigo mkubwa huku feni imelala. Madereva wengi huchemsha magari mazima kwa ubahili wa kushusha gia.

Halafu kuna urefu kutoka usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji yaliyo wazi yanachemka kwa nyuzi 1 pungufu. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 hivi, yanachemka karibu na nyuzi 92. Kwenye uwanda wa Shira wa Kilimanjaro, mita 3,500 na kuendelea, karibu na 88. Kinachokulinda ni mfuniko wa rejeta: ukiwa na presha ya 0.9 (takriban bar 0.9) iliyoandikwa juu yake, unapandisha kiwango hicho kupita nyuzi 110 hata huko Shira. Mfuniko wenye mpira uliochoka unaweza kukaa miezi mingi Moshi mjini bila kuonekana, halafu ukakuaibisha nusu ya njia juu ya lango la Londorossi. Dalili zake ni mbili: chupa ya akiba inajaa na maji hayarudi kwenye rejeta injini ikipoa, au mpira wa juu wa rejeta unabonyea ndani gari likipoa. Ni kipuri cha bei ndogo. Beba cha pili, chenye namba ileile. Cha presha kubwa zaidi kitakupasulia mipira.

Kama si nyasi, si feni wala mfuniko, washa injini ikiwa imepoa kabisa na ushike mpira wa juu. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata joto, hiyo ni hewa ya silinda inayopenya kwenye gasketi ya silinda hedi. Hapo safari imekwisha; gari livutwe. Wapo wanaovunja mayai kwenye rejeta inayovuja, na kweli tundu dogo huziba, lakini yai huziba pia njia za hita na rejeta utaibadilisha. Afadhali ukate lile bomba jembamba linalovuja, ukunje ncha zake zote mbili na kuzibana kwa koleo, uzipake gundi ya chuma. Rejeta ya shaba inavumilia kupoteza bomba moja au mawili.

Gari limeishiwa nguvu

Tazama moshi kwanza. Moshi mweusi maana yake hewa haitoshi kwa dizeli inayoingia. Mweupe ni dizeli isiyoungua au maji. Wa bluu ni oili. Nguvu hakuna na moshi hakuna: dizeli haifiki.

Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kila mita 1,000 unazopanda. Moshi mjini uko kwenye mita 800 na kitu, kwa hiyo ukifika Shira zaidi ya robo ya nguvu uliyoondoka nayo haipo, na moshi mweusi kidogo ni wa kawaida. Kipimo ni rahisi: ukishuka, je, nguvu zinarudi? Zikirudi, usimruhusu mtu yeyote kugusa skrubu ya injekta pampu. Pampu iliyorekebishwa mlimani italeta balaa bondeni.

Nguvu zisiporudi, fungua filta ya hewa. Vumbi la Longido na Sanya Juu ni la kawaida, filta inalimudu. La kuogopa ni majivu ya volkano kati ya Engaruka na Natron, mengine yakiwa yametemwa na Ol Doinyo Lengai kwenye milipuko ya 2007 na 2008. Ni laini kiasi cha kupita palipobaki hata ufa mdogo. Huko filta inakaguliwa kila jioni. Itoe, ipulize kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo usiozidi psi 30, na usiigongegonge kwenye tairi, maana ukingo wake ukipinda haukai tena sawasawa. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: pitisha kidole safi ndani ya bomba linalotoka kwenye nyumba ya filta kwenda injini. Ukikuta vumbi, filta yako ni pambo. Paka grisi nyembamba kwenye ukingo wa mpira, kaza vibano vyote, na uchunguze snokeli, lile bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa, kwenye maungio yake, hasa pale inapoingia kwenye ubavu wa gari. Mkiwa msafara, kichwa cha snokeli kigeuzwe kitazame nyuma na magari yaachane mpaka vumbi la wa mbele litulie. Kufuatana kwa karibu ni kununua injini nyingine.

Dizeli ikiwa haifiki, legeza mfuniko wa tanki. Ukisikia hewa ikifyonzwa na gari likapata nguvu, tundu la kupumulia la mfuniko limezibwa na vumbi. La sivyo, legeza bomba la chini ya filta ya dizeli na ukinge kwenye chupa safi ya maji ya kunywa: maji hukaa chini, dizeli juu. Dizeli ya madumu unayonunua vijijini ichujwe kwa kitambaa kizito na iachwe itulie kabla ya kumiminwa, na vidole viwili vya mwisho vibaki kwenye dumu. Ukishamwaga maji au kubadili filta, piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe. Injini ikiwaka na kuzima baada ya sekunde chache, bado kuna hewa kwenye mpira. Kagua vibano vya upande wa tanki, ambako mfumo hufyonza hewa bila kudondosha hata tone.

Tanki limetobolewa na jiwe? Sabuni ya mche, isuguliwe kavu juu ya ufa mpaka izibe. Inashikilia dizeli kwa siku kadhaa.

Pedali ya breki imezama

Hili ni la miteremko: kushuka Shira kurudi Londorossi, kuingia kreta ya Ngorongoro, kushuka ukingo wa Bonde la Ufa kutoka nyanda za Loliondo kwenda Natron. Kuna magonjwa mawili hapa na watu huyachanganya.

La kwanza: pedali ni ngumu na iko juu, lakini gari halisimami, na kuna harufu ya kuungua. Hizo ni pedi na lainingi zilizopata joto hadi kupoteza mshiko. Dawa yake ni kusimama mahali salama, kuweka mawe chini ya matairi na kusubiri nusu saa. Usivute hendibreki ya magurudumu ya nyuma wakati dramu zina moto. Zikipoa zinasinyaa na kuibana, utashindwa kuilegeza. Usimwagie maji pia, diski itapinda.

La pili ndilo linaloua: pedali inalainika na kuzama hadi chini. Mafuta ya breki yamechemka na kugeuka mvuke, na mvuke hubonyezeka. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205 na DOT 4 kwenye 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi 140 na 155. Yanyonye unyevu wapi? Kwenye hewa tu, kupitia chupa na mipira, mwaka hadi mwaka. Mafuta meusi kwenye chupa ya masta silinda yamwagwe yote kabla ya msimu, usiongezee juu yake. Ikikutokea njiani: pampu pedali haraka mara tatu nne, shusha gia moja moja, tumia hendibreki taratibu, na ikibidi lipeleke gari lisugue ukuta wa udongo upande wa mlima. Usikanyage klachi. Ukikanyaga klachi umetupa breki pekee iliyobaki.

Pedali ikirudi baada ya kupoa, usiamini kuwa limepona. Hewa itolewe: kwa gari la usukani wa kulia anza na gurudumu la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia, huku chupa ikijazwa isikauke.

Kinga yake haihitaji fundi. Juu kabisa, kabla ya kuanza kushuka, simama, ingiza L4, gia ya pili. Mteremko mkali wenye mawe, gia ya kwanza. Gari lishuke bila mguu kwenye breki. Linapokimbia kuliko unavyotaka, kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, achia kabisa, rudia. Mguu unaokaa juu ya pedali kwa kugusagusa ndio unaopika mafuta.

Gari limekwama

Kanuni inayotangulia zote: magurudumu yakianza kuzunguka bila gari kusogea, ondoa mguu. Nusu dakika ya ukaidi inaongeza saa mbili za sepetu.

Mchangani, kwenye makorongo ya Engaresero au njia za pembeni mwa Ziwa Eyasi, chanzo karibu kila mara ni upepo mwingi kwenye tairi. Kwa tairi za 7.50R16 ambazo kwenye lami zina psi 35 mbele na 45 nyuma, changarawe yenye vijituta vya mfululizo inataka 28 hadi 30, mchanga 18 hadi 20, na ukishakwama kwenye mchanga laini shusha hadi 15. Chini ya hapo tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona, na tairi zenye tyubu hung'oa valvu kwa sababu tyubu huteleza ndani. Ukishashusha, ondoa mchanga mbele ya kila gurudumu na chini ya difu zote mbili, kisha rudi nyuma kwenye nyayo zako. Nyayo zimeshashindiliwa, mbele hakujashindiliwa. Ukitoka, usikimbize gari: upepo wa 15 ni wa mwendo usiozidi kilomita 20 kwa saa, mpaka uujaze. Kompresa isiyoweza kujaza tairi nne bila kupumzika usiite kompresa.

Jambo moja la makorongo. Mvua ikinyesha juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, maji hufika korongoni chini ukiwa umesimama kwenye jua kali. Kama kuna mawingu mazito juu ya ukingo, kazi ya upepo na sepetu isifanyiwe katikati ya korongo. Gari livutwe kwanza na gari jingine.

Udongo mweusi wa mbugani ni habari nyingine. Huko Ngasurai, Simanjiro, au njia za nyuma ya Kilimanjaro Magharibi wakati wa masika, tatizo si kuzama tu: udongo unanata kwenye tairi, unajaa kati ya tairi na matigadi, mpaka gurudumu haliwezi kuzunguka hata likiwa hewani. Injini inaunguruma, klachi inanuka, dereva anadhani giaboksi imekufa. Chukua panga au fimbo ya chuma, toa udongo wote kwenye matigadi na katikati ya meno ya tairi. Kupunguza upepo sana hakusaidii huku. Tairi nyembamba yenye 25 inakata tope na kutafuta chini pagumu, wakati iliyobonyea inaelea na kuteleza. Inua kwa jeki ndefu iliyowekwa juu ya ubao wa angalau sentimita 40 kwa 40, jaza mawe na matawi chini ya gurudumu, shusha. Kama hakuna jiwe wala tawi, na mbuga nyingi hazina, subiri. Udongo huu hukauka juu kwa saa kadhaa za jua, na hizo saa ni rahisi kuliko klachi.

Kingo za Natron zinadanganya kuliko zote. Gamba la magadi linaonekana pagumu na chini yake ni tope laini lisilo na kina kinachojulikana. Usiondoke kwenye nyayo za magari. Ukitaka kujaribu, shuka utembee, kisigino kikizama gari litazama. Ukishakwama na hakuna mti wa kufungia winchi, zika tairi ya spea: chimba mita 1 kwenda chini, mita 15 hadi 20 mbele ya gari, mlalo wa tairi uelekee mbali na gari, pitisha cheni kwenye rimu na uchimbie mfereji wa cheni ili ivute kwa chini. Shindilia udongo juu yake mpaka mtu arukie.

Na kuvuta: kamba ifungwe kwenye ndoano au jicho lililofungwa kwenye chesisi, kwa shakeli yenye alama ya tani 3.25 au 4.75. Kamwe usifunge kwenye kitufe cha kuvutia trela. Kikikatika kinaruka kwa mwendo wa risasi na kimeshaua watu katika nchi nyingi. Weka koti au blanketi zito katikati ya waya wa winchi, na watazamaji, ambao daima hutokea hata pale usipoona boma, wasogee mbali kupita urefu wa waya.

Ndani ya hifadhi za TANAPA na eneo la Ngorongoro kuacha njia kukwepa tope ni kosa. Pita katikati ya tope au rudi.

Fo wili haiingii, au imegoma kutoka

L4 imeingia, taa imewaka, magurudumu ya mbele hayavuti. Kabla ya kufungua chochote angalia habu za mbele, vile vifungio vya katikati ya magurudumu: zote mbili ziko LOCK? Habu moja ikibaki FREE, difu ya mbele inapeleka nguvu zote upande huo ulio huru na hupati kitu. Zote zikiwa LOCK na bado, zirudishe FREE ili magurudumu yasiizungushe shafti yenyewe, acha fo wili ndani, mtu mmoja aendeshe taratibu, mwingine atazame propela shafti ya mbele kutoka pembeni. Shafti ikizunguka, shida iko difu au habu. Isipozunguka, shida iko transfa.

Limegoma kutoka H4 kurudi H2 (magurudumu ya nyuma tu)? Umetembea kwenye ardhi ngumu. Mbele na nyuma hukata kona kwa urefu tofauti, na Land Cruiser ya 70 haina difu ya katikati ya kumeza tofauti hiyo. Msokoto unajaa kwenye shafti na gia zinabanana. Ni kawaida kwa wanaotoka porini na kuingia lami ya Makuyuni wakisahau. Rudi nyuma mita 10 ukiwa umenyoosha usukani, vuta lever wakati gari linasogea. Ukilazimisha kwa mguu utapinda uma wa transfa.

Difu loki, inayofunga magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja: taa ikiwakawaka bila kutulia, meno hayajakutana. Sogea polepole ukitikisa usukani kidogo kulia na kushoto. Ikiingia, usikate kona kali. Kwenye magari madogo ambayo fo wili hujiweka yenyewe, RAV4 na wenzake, taa inayowaka mchangani mara nyingi ni kiungo cha nyuma kilichopata joto. Zima, subiri dakika 15. Halijaharibika, ila limekuambia njia hiyo si yake.

Kelele za chini na usukani unaotikisika

Barabara ya vijituta, Mto wa Mbu kwenda Engaruka kwa mfano, hulegeza kila kilichofungwa kwa nati. Tiktiki unapokata kona huku umekanyaga mafuta ni kiungo cha shafti ya mbele ndani ya kifundo cha gurudumu. Kishindo kimoja unapoachia klachi au kubadili mbele na nyuma ni krosi ya propela shafti au bushi za springi. Mngurumo unaopanda na mwendo na kubadilika ukikata kona ni beringi ya gurudumu. Kila unaposimama, gusa kila habu kwa mgongo wa mkono. Iliyo moto kuliko wenzake inataka kazi leo, si kesho. Inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise: likicheza, beringi imelegea. Nati za ndani za habu ya Land Cruiser zinahitaji soketi ya milimita 54, na soketi hiyo ikae kwenye gari, kwa sababu porini hakuna cha kuazima kinachofanana nayo. Usitumie patasi na nyundo.

Usukani ukianza kutetemeka kwa nguvu ghafla kwenye kilomita 60 au 70 kwa saa, punguza mwendo hadi ukome, kisha kagua tairodi endi, shokapu ya usukani na beringi za kifundo. Grisi nyepesi, nyeusi, inayochuruzika kwenye tufe la kifundo maana yake sili ya ndani imekwisha na oili ya difu imechanganyika na grisi.

Gari linalovuta upande na gurudumu moja la nyuma limesogea karibu na ukingo wa matigadi: senta bolti ya springi imekatika na ekseli imerudi nyuma. Jani kuu likivunjika, weka gogo kati ya ekseli na chesisi, funga kwa cheni na bandingi waya, tembea kilomita 15 kwa saa. Shokapu zenye joto la kuunguza mkono ni dalili ya mwendo. Pumzika dakika 20 zipoe kabla hazijamwaga mafuta.

Injini imezima ghafla

Ikizima ghafla kwenye barabara ya vijituta bila kukohoa, anza na umeme, usianze na dizeli. Shika vichwa vya betri: vikizunguka kwa mkono umepata jibu. Kisha fuata waya mnene wa arthi hadi chesisi. Kwenye injekta pampu ya 1HZ kuna kizimio cha umeme kinachofungua njia ya dizeli swichi ikiwashwa. Washa swichi na usikilize. Kikinyamaza, waya wake umechomoka au fyuzi imekufa. Peleka waya mzima kutoka betri hadi kwenye kizimio hicho na injini itawaka. Utaizima kwa kuuchomoa.

Ikizima ndani ya maji, usipige stata hata mara moja. Maji yakiwa ndani ya silinda hayabonyezeki, koni rodi itapinda. Vuta gari litoke, toa hita plagi zote sita, zungusha injini kwa stata mpaka tundu zisiteme maji, kausha filta ya hewa, ndipo urudishe. Kabla ya kuvuka mara nyingine, tembea kwa miguu kwanza. Yakipita goti, legeza mkanda wa feni ili pangaboi zisipinde na kukata rejeta, na tundika turubai mbele ya grili.

Ambacho watu husahau ni difu. Difu iliyokuwa moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa yake husinyaa na kufyonza maji kupitia sili, hasa kama bomba la kupumulia limezibwa na tope. Asubuhi inayofuata, kabla gari halijasogea, legeza kidogo bolti ya chini ya kila difu. Maji yametuama chini usiku kucha na yatatoka ya kwanza. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, mwaga yote. Difu moja inachukua karibu lita 3, kwa hiyo madumu mawili ya lita 4 yanatosha mbele na nyuma, na yanayobaki ni ya transfa.